K ya Mpera

Masanduku yalishushwa Malindi, yamekazwa kwa mabati,
herufi za risasi ndani, nzito kama mawe ya mizani.
Baba, Machano Shaame, mpanga herufi wa matbaa ya Kiponda,
akafungua, akahesabu, akaguna.
E zimejaa pomoni. T tele.
A za kubahatisha.
K kubwa moja,
moja tu, imejikunja pembeni kama yatima kwenye karamu.

"Aliyeyapakia haya," akasema, "hajapata kumwambia mtu karibu."

Alimjua yule sonara wa Ujerumani wa zama zile
kwa kusimuliwa na msimamizi wake,
naye akamsimulia kila aliyekaa karibu na wino:
mtu anayeyusha risasi na bati,
anamimina herufi moja moja kama mama anavyomimina vitumbua,
anazipanga, anazipaka, anazikandamiza
kwa mtambo wa kukamulia zabibu.
Kitabu kikatoka. Na mdai naye akatokea,
akaubeba mtambo kwa hukumu ya kadhi wao.
"Dunia nzima inasoma," baba husema, akipuliza chai,
"na deni la mtu yule hakuna aliyelilipa."

Alimjua na yule wa vioo,
aliyeutazama mwezi akaukuta una makovu,
akafungiwa nyumbani kwake mpaka macho yakazima.
Huyu hakupenda kumsimulia.
Macho yake mwenyewe yalishaanza kuingia ukungu.

Basi mtu akileta tangazo, baba kwanza anahesabu K.
Kikao anakigeuza mkutano, kapona K moja.
Kakataa katakata inakuwa hapendi.
Walimu wa Vuga wakasifu: Kiswahili cha matbaa ile
kifupi, kimenyooka, hakina mapambo.
Hawakujua kuwa ni njaa.

Halafu ikaja harusi.
Kombo wa Mkoani anamuoa Kijakazi wa Vikokotoni.
Kadi mia mbili, majina makubwa, mstari mmoja.

Mtu akashauri, andika Bwana na Bibi Harusi, yaishe.
Baba hakujibu.
Usiku akakata kipande cha mpera,
mti mgumu, hauvimbi kwa wino,
akachonga kwa kisu cha kumenyea machungwa,
akasugua kwa msasa, akajaribu kwenye karatasi ya sukari.
K ikatoka imegeuka, inatazama nyuma.
Miaka kumi na tisa anasoma herufi kinyumenyume,
na siku ya kuunda yake
akaichonga sawasawa, kama mtoto wa chuoni!
Alicheka peke yake gizani. Mama alidhani analia.

Ya pili ilitoka karibu na alfajiri.
Mguu wa mbele mfupi kidogo. Basi.

Kombo akapata K ya Ulaya.
Kijakazi, ya mpera.

Mama wa bibi harusi alifika hata mlango haujafunguliwa vizuri,
kadi mkononi, buibui limemkaa upande:
"Mbona mwanangu anachechemea?"
"Ile nyingine imekuja kwa meli, bibi,
imeshakomaa njiani. Ya mwanao imezaliwa jana.
Ipe muda, inajifunza kutembea."

Alilipwa nusu. Nusu ya pili sijasikia kama ilikuja.

Lakini matangazo ya miaka ile ukiyakuta,
ya mnada, ya mbuzi aliyepotea, ya maulidi,
kwenye mtoto wa kabati la mtu au yamefungiwa bizari,
tazama K. Zile zenye kilema ni za baba.
Hakuziandikia jina, na kitabu cha wavumbuzi
nilichopewa zawadi darasa la saba
kina kurasa mia mbili na kumi, nimezipekua zote.

Matbaa ilipofungwa, risasi iliuzwa kwa kilo.
Wavuvi wa Mtoni wakaiyeyusha, wakaifanya chubwi,
na sasa E zote zile ziko chini ya bahari, zinashikilia nyavu.
K ya mpera waliigeuzageuza kiganjani,
wakamrudishia baba.
Haizami hii, wakasema. Haitufai.