Jaruba la Saba

Mvua ya Agosti haina jina hapa Mchinga.
Masika tunaijua, vuli tunaisikia habari zake;
hii ilikuja usiku, kama mdai aliyekosea mlango,
na asubuhi chumvi ya wiki tatu
ilikuwa maji tu, yanatutazama.

Shemeji Nangumbi akahesabu viroba vitupu,
akavikunja, akavihesabu tena.

Redioni wanasema barafu inayeyuka huko mbali.
Mimi barafu naijua ile ya mfuko, ya shilingi mia,
lakini kuyeyuka nakujua.

Somoe hakuilaumu mbingu.
Alisema: hapa palikuwa na michu.
Tuliikata wenyewe, mwaka ule wa bei nzuri,
kuni zake tukachemshia chumvi.
Bahari imeona mlango hauna komeo.

Basi jaruba la saba tumelibomoa tuta.
Tumepanda miche mia mbili na kumi;
kaa wamekula arobaini.
Nangumbi hasemi nami tangu Jumanne.

Leo maji yamekupwa, nimekuta
mche mmoja umetoa jani jipya,
juu yake punje nyeupe, ndogo kuliko chawa.
Nimelilamba.
Chumvi.