Hesabu Kilicho Chini Yake

Mayya huirusha fremu bila kutazama,
mabomba manne ya plastiki, mita kwa mita.
Inatua popote kwenye mteremko wa juu ya Taqa,
nasi tunapiga magoti hapo hapo ilipotua.

Wingu la kharifu limeondoka juzi, udongo bado una jasho.
Mimi nataja, yeye anaandika:
kongwe, ndago, mbigili, mgagani,
na kimoja chenye majani ya manyoya nisichokijua.
Musallam mchunga ngamia analijua jina lake kwa Kijibali,
linaanza kwa sauti ambayo ulimi wangu hauna.
Kumi na tisa ndani ya fremu moja.
Katikati yao, mche wa ghafi ya bahari,
urefu wake njiti ya kiberiti, rangi yake homa,
kama mtu aliyefika harusini sahani zimeshaoshwa.

Mayya anachimba kwa kisu, ananionyesha mizizi:
huyu hunywa juu juu, umande tu;
huyu kashuka kupita mpini;
huyu huamka na manyunyu ya kwanza, akamaliza, akalala,
ndipo yule afumbue jicho.
Kila fundo la maji lina mwenyewe.
Wanyonge wote hawa, anasema, lakini jamvi limejaa.

Chini, kando ya barabara, ngamia walipolisha hadi vumbi,
fremu ikatua tena. Nilihesabu upesi:
mmoja.
Mwiba wake ukapenya soli ya kiatu.
Waliupanda watu wema, enzi kivuli kilipokuwa haba.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
huyu hakungoja ya tatu,
jembe alijitwalia mwenyewe, na shamba juu yake.
Nilimtumia picha binamu yangu wa Marigat.
Akajibu: *Mathenge.*
Kisha, baada ya dakika: *Poleni.*

Neno mgeni likanikaa kooni.
Bibi yangu alishuka Maskati na sanduku la bati na mbuzi ya kukunia nazi;
sokoni wakamwita Mzanzibari mpaka siku ya kufa kwake,
na mimi, niliyezaliwa hapa, bado naulizwa natoka wapi.
Nikamuuliza Mayya, nusu mzaha:
na sisi je, tumo safu ipi ya daftari lako?

Hakucheka. Alifuta kisu kwenye abaya,
akakinyoosha kuelekea minazi ya pwani.
Ile nayo ilikuja, alisema.
Kahesabu kilicho chini yake.

Nilikwenda kabla ya magharibi, nikaingia shamba la watu bila hodi.
Migomba. Mipapai. Majani ya ng'ombe.
Ndago, hata huku. Mchicha uliojiotea wenyewe kando ya mfereji.
Nilifika kumi na moja, na kuku wawili,
mwenye shamba akatoka kuniuliza natafuta nini.

Nilishindwa kumwambia.
Nilisimama mguu mmoja, nikichokoa soli,
na ncha ya ule mwiba ilikuwa bado imo ndani.