Saa Tatu ya Simu

Tiketi mbili, siti za pamoja, safu ya kumi na moja,
elfu ishirini kila moja; nililipa mshahara ukiwa bado una joto.
Kisha mjomba akapiga simu kutoka Mvumi:
Jumamosi tunakwenda ukweni kwa mdogo wako,
mahari haimsubiri mtu aliyekwenda kupiga makofi.
Ukoo ukikaa, tiketi si udhuru.

Haya, niuze.
Mnada naujua, nimekulia Msalato
nikishika kamba ya mbuzi huku baba
akipanua mdomo wa beberu, akihesabu meno,
akitema mate pembeni ili mwenye mali aione shaka yake.
Pale bei ina harufu: moshi wa nyama, samadi, jasho.
Mtu akisema sitini unamtazama viatu,
unajua kama anazo.

Mnada wa simu hauna viatu.

Nilizilaza tiketi juu ya kitambaa cha meza, nikapiga picha.
Lechipya, binti wa dada, akaninyang'anya simu:
"Mjomba, funika hiyo mistari!
Mtu akiinakili ataingia yeye, wewe ubaki na karatasi."
Nikapiga tena, nimeifunika kwa kidole gumba.
Ndiyo maana tiketi zangu zina ukucha.

Bei ya kuanzia. Nikakaa.
Nikiandika elfu thelathini nitaonekana mroho,
nikiandika mia nitaonekana mwizi.
Nikaandika elfu moja, kama anayemwita kuku kwa punje.
Sababu ya kuuza: mahari.
Watu watatu wakauliza nani anaoa.
Hakuna aliyeuliza siti ziko upande gani.

Saa ya kufunga: nikaandika tatu.
Saa tatu usiku watu wameshakula,
wamejilaza kochini, kidole kinawasha;
hapo ndipo bei hupanda. Nilijiona mjanja.
Kumbe simu haikulelewa na mama yangu.
Tatu yake ni ile ya walinzi na bundi,
ile ambayo sisi tunaiita tisa.

Tatu yangu ikafika, elfu tano.
Ikapita, elfu tano na mia mbili.
Nikasema labda mtandao, nikalala na simu kifuani.

Asubuhi mnada umeshafungwa,
nyundo imegonga mji mzima umelala:
elfu tisa, kwa zote mbili.
Mshindi, Mama Nyemo wa Nkuhungu.

Nikampigia, hasira nimeivisha adabu.
"Dada, saa tisa ya usiku ulikuwa macho kwa lipi?"
"Maji, kaka. Kwetu yanatoka saa nane,
tena membamba kama mkojo wa mtoto.
Ndoo ikijaa naweka nyingine.
Kati ya ndoo na ndoo ndipo nilipouona ukucha wako."

Nikakosa la kusema.
Elfu thelathini na moja yangu
imekwenda na maji, kweli kweli.

Alizifuata mwenyewe ofisini, Mtumba, nauli juu yake.
Akazigeuza tiketi, mbele, nyuma,
akaziinua kwenye mwanga wa dirisha.
Nikamkumbuka baba na meno ya beberu.
Hakutema mate. Akazifunga kwenye pindo la khanga.

Jumamosi, Mvumi.
Mjomba anapigania fahali mmoja
kama anayepigania mpaka wa nchi.
Wazee wa upande wa pili wanatazama dari.
Simu ikatetemeka mfukoni; nikaichungulia chini ya meza.
Nyota nne kati ya tano,
na chini yake maneno:

"Siti ziko nyuma ya nguzo, kaka.
Nyemo anaona mkono wa mpiga ngoma tu, ukipanda na kushuka.
Lakini sauti inafika."

Nguzo sikuijua, naapa. Ningeiandika.

Mjomba akanikanyaga mguu:
"Wamesema ng'ombe wangapi?"
Nami niliyekaa safu ya mbele
sikuwa nimesikia.