Sanduku

Lilikuja Jumanne kwa gari la jeshi,
bati la kijani, kona moja imebonyea,
LT. H. SEMNDILI kwa rangi nyeupe
iliyochuruzika kidogo kwenye N.
Askari wawili walilishusha polepole
kama lina mtu ndani.
Halikuwa na mtu.
Mama akawauliza kama wamekula.

Hiza alikuwa na nyayo bapa.
Monduli nusura wamrudishe. Askari wa miguu, na miguu yenyewe hiyo!
Akawaambia: nimekulia Pongwe, kwenye mkonge,
baba yangu karani wa mizani,
nimekimbia peku juu ya miba kabla sijang'oka meno ya utoto.
Sijui kama kweli alisema hivyo.
Alipenda kujisimulia.
Ila kupima, alipima kila kitu kwa hatua.
Mlangoni hadi bombani, arobaini na moja.
Tulipohamia Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne,
akapima hadi uwanja wa Mkwakwani,
akaandika jibu ukutani kwa mkaa
akachapwa, si kwa hesabu, kwa ukuta.

Nyota mbili begani, umri ishirini na minne.
Likizo ya mwisho alilala kifudifudi mkekani
nami namkanyaga mgongo,
nikamwuliza huko Msumbiji wanagombania nini.
"Ndugu kwa ndugu," akasema, mdomo kwenye ukindu.
Baba, aliyekuwa anahesabu vidonge vyake, akadakia:
ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime.
Hiza akacheka hadi nikayumba.
"Jembe namwachia Mwanakombo, baba.
Mimi wameshanipa bunduki."

Barua moja tu ilifika.
Mvua. Mihogo. Watoto wanaolala porini kila usiku
kwa kuziogopa nyumba zao.
Na chini kabisa, herufi ndogo, kama mtu anayeona haya:
chakula hakina chumvi.

Mama hakununua ya dukani.
Alikwenda mwenyewe Mtimbwani, kwenye mashamba ya chumvi,
akarudi na miguu imechanika,
akaifunga kwenye kipande cha kanga, fundo juu ya fundo,
akampa koplo mmoja aliyekuwa anarudi kikosini.

Fundo lilikuwa halijaguswa.
Tulilikuta chini ya mashati,
pembeni yake daftari la maneno ya Kireno, mwandiko wake wa kulala upande:
água, maji
ponte, daraja
criança, mtoto
sal
na mbele ya hilo la mwisho, hakuna kitu.

Mama alilifungua kwa meno.
Chumvi ile aliipikia wali wa hitima.
Watu walikula, wakasema umekolea.

Sajini Chilumba alikuja kabla ya arobaini,
akakaa ukingoni mwa kiti, kofia magotini.
Ilikuwa darajani, njia ya Mocuba.
Luteni alikuwa ameshavuka. Akarudi kumfuata kijana wa redio.
Papo hapo, mama. Hakuteseka.
Mama akamshukuru, akamfungia maandazi ya njiani.

Miaka tisa baadaye nilimkuta stendi ya Muheza,
gongo pumzi nzima.
Akaning'ang'ania mkono mbele ya watu.
"Asubuhi nzima, dada," akasema.
"Asubuhi nzima alikuwa anahesabu."
Anahesabu nini?
Hakujua. Akalia. Nikamlipia nauli.
Nyumbani nilimwambia mama kwamba machungwa yamepanda bei.

Walipoileta mifupa Naliendele
mama naye tulikuwa tumeshamzika.
Nilifunga safari peke yangu, basi baada ya basi,
miguu ikavimba.
Kutoka getini nilianza kumhesabia, hatua kwa hatua, kwa sauti ya chini,
nikafika sitini na tatu,
mlinzi akaniuliza jina la marehemu,
nikamtajia,
nikapotea hesabu.