Bega la Nani

Bunduki ya akiba huning'inia nyuma ya mlango
kama koti la mgeni aliyesahau kurudi.
Ndivyo ilivyokaa ya Arap Chelule
hadi alipoileta Nakuru, mwezi wa pili, sabini na sita,
ndani ya gunia la viazi lililofungwa kamba ya katani,
vumbi la Mau Narok bado liko kwenye nyusi zake.

"Hii haili risasi za hapa," alisema.
"Zake hutoka ng'ambo. Niliagiza pakiti moja
mtoto akiwa tumboni. Sasa anaota meno."

Baba yangu, Makhanu, fundi wa karakana ya reli
kabla ya kujiajiri nyuma ya duka la mbegu,
aliuelekeza mtutu dirishani
akachungulia jinsi daktari anavyochungulia sikio.
Mifuo mizima, akasema.
Koo ndilo limechakaa.
Tutalikata upya, limeze risasi inayouzwa mtaani.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
Kazi yangu kushika taa, na kunyamaza.
Kunyamaza kulinishinda mara mbili.

Baba akazisimamisha mezani risasi tatu zisizo na baruti,
ndugu waliopishana kimo.
Chelule akaigusa ndefu. Nani asingeigusa?
"Hii inaangusha nyati."
"Una nyati?"
"Nina nguruwe mwitu. Wanachimba viazi vyangu usiku,
matuta mazima, utadhani nimewaajiri."
"Basi usimnunulie nguruwe jeneza la nyati.
Na bega? Ni bega la nani?"

Hapo akatazama viatu vyake.
Bunduki yake nzima alilala nayo kazini,
akilinda ng'ombe wa tajiri mmoja kule Njoro.
Hii ilikuwa ya anayebaki.
"La Tapsubei," akasema. "Mke wangu.
Leseni ina jina lake. Karani alicheka
mpaka akamwaga chai."

"Si apewe ile ndogo!" nikaropoka,
na taa ikacheza ukutani.
Baba hakunigombeza.
"Ndogo itamtoboa mnyama,
akafie kwa jirani siku ya tatu.
Hiyo nayo utaiita huruma?"
Akaichukua ya katikati,
akaibingirisha kiganjani muda mrefu,
maana chuma kikishakatwa hakishoneki.

Siku mbili keezo liliimba wimbo mmoja.
Alikata unywele, akapangusa, akapima,
akapaka masizi ya mshumaa aone panapogusa,
akakata nusu ya unywele.
Chakula kilipoa. Mama akakipasha, kikapoa tena.

Jumapili tukaifunga kwenye gurudumu la trekta
katika machimbo ya mawe chini ya Menengai,
tukajificha nyuma ya gogo, baba akavuta kamba.
Kunguru wote wa bondeni wakahama.
Ganda likatoka la moto, jeusi shingoni,
akaligeuza mara kumi akitafuta ufa.
Hakuna.
Akanipa.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tano,
serikali ikapiga uwindaji marufuku.
Tapsubei alikuja mjini kuisalimisha bunduki kituoni,
akapitia kwetu kwanza, na gunia lilelile.
Mwembamba, gauni la maua, bega la kulia limeshuka kidogo
kwa kubeba maji, si kwa kingine.
"Haikunipiga hata siku moja," alimwambia baba.
"Nilikuja kusema hivyo tu."

Nikashindwa tena. "Uliua wangapi?"
"Mmoja." Akakaza kamba ya gunia.
"Wa pili alikuwa na watoto."
Akaondoka kwa miguu, upande wa polisi,
huku wenye maduka wakidhani amebeba viazi.

Keezo sasa ni langu. Nakereza bushi za vinu vya posho,
na wateja hulalamikia bei.
Lile ganda ninalo, kwenye droo ya cherehani,
natilia sindano.
Zinaenea saba.
Ya nane haiingii, huichomeka kwenye ukosi wa gauni
na kila mara huisahau.