Samaki Mkunje

Jumamosi saa nne makumbusho yanafunguliwa kwa teke;
kitasa kimeota kutu na bajeti ya kitasa iko Dodoma.
Ndani, pimbi anatokwa na pamba ubavuni,
kenge kapungukiwa kucha mbili tangu ziara ya shule ya Pasiansi,
na furu wamejipanga kwenye chupa za spiriti,
weupe kama vidole vilivyofua kutwa,
kila mmoja na namba yake, kama mahabusu.

Kazi yangu mimi ni karatasi.
Za kununua sina. Naleta nilizookota:
kalenda za benki iliyofungwa,
mitihani ya moko yenye wino mwekundu,
risiti za mizani kutoka kiwanda cha minofu
ambazo mama yake Nkwimba hunifungia pembeni mwa kanga,
zinanuka sangara hata zikianikwa siku mbili.

“Pembe kwa pembe. Piga pasi kwa ukucha.
Kukosea ruhusa, ila karatasi haisahau:
ukiikunjua, mstari unabaki, kama kovu la goti.”
Leo wako kumi na saba. Juma lililopita walikuja wanne
na Bigambo mlinzi, aliyeingia kukwepa jua
akaishia kukunja chura asiyeruka.
Anatembea naye mfukoni. Anasema bado anamfundisha.

Wahenga wanasema samaki mkunje angali mbichi.
Hawa wa chupani wamechelewa;
ukimgusa mmoja pezi linakatika kama biskuti.
Nasoma kibandiko, mwandiko wa mtu asiyekuwepo tena,
wino umegeuka rangi ya chai:
*Ghuba ya Mwanza. Pima nane. Dume. Mgongo mwekundu.*
Wekundu wenyewe umenywewa na spiriti.

Basi nikagawa ile mitihani.
Nikawaonyesha wakunje hivi, na hivi,
mpaka wino wa mwalimu uje mgongoni.
Bwire, aliyepata kumi na mbili kwa mia,
akatazama alama yake ikipanda taratibu
ikawa pezi.

Nkwimba hakutaka mtihani.
Alikuja na mfuko wa saruji, akavua viatu,
akapiga magoti sakafuni, vumbi la kijivu mpaka mapajani,
akakunja sangara mrefu kuliko meza.
Ukimvuta mkia, mdomo unafunguka.
Akapita naye mezani: ham! Furu wa kwanza.
Ham! Chumba kizima kinacheka, ham, ham,
mpaka Mbuke, wa miaka sita, alipoanza kulilia wa kwake.

Hotuba nilikuwa nayo, imeiva:
sangara si mwenyeji, aliletwa, kisha ziwa likanyamaza.
Nikaitazama ile miguu mitupu.
Ada ya Nkwimba inatoka tumboni mwa samaki huyo huyo;
mama yake anasimama naye saa tisa kwa siku,
buti za mpira, kisu, barafu.
Nikaimeza hotuba yangu na mifupa yake.

“Mwalimu,” akasema, “kupasua najua.”
Akamlaza ubavu. Akafungua mkunjo wa tumbo,
polepole, kama anayefungua barua ya mtu mwingine,
akawatoa mmoja mmoja, wamepondeka,
wana mikunjo mipya nisiyowafundisha mimi.
Wa Bwire ametoka na kibiongo. “Huyu amekua,” Bwire akasema.
Mbuke akampuliza wake, akamkagua macho, akanyamaza.

Tukahesabu. Kumi na sita.
Tukatafuta kooni, viatuni, chini ya kabati,
Bigambo akageuza mifuko yake, akatoka chura tu.

Walipoondoka nilichukua chupa tupu,
nikaifuta kwa khanga, nikaandika kibandiko:
*Karatasi. Ghuba ya Mwanza. Mgongo mwekundu.
Mara ya mwisho kuonekana, saa sita kasoro robo.*

Kifuniko sijakifunga.