Kushusha Rangi

Kwanza unashusha rangi, ila usiimalize.
Ukiimaliza, picha inakuwa ya kitambulisho cha zamani,
ya babu aliyesimama kama amekamatwa.
Acha thelathini na kitu kwa mia,
damu ibaki midomoni, kwa mbali.
Kisha kontrasti juu. Vivuli vizame.
Kisha unanoa kingo
mpaka kila unywele ujitegemee,
mpaka ngozi ionekane imepigwa msasa.
Mwisho unamwaga chenga, laini kama pumba,
unasogea nyuma na kiti chako
kutazama ulivyomzeesha mtu kwa dakika sita.

Hivyo ndivyo nilivyomfanya Nyemo.

Nilimpiga picha Ntyuka, kwenye majabali, mwezi wa tisa,
upepo wa Dodoma ukipita bila hodi.
Anaponda kokoto. Nilipotoa kamera akasema ngoja,
akaingia nyuma ya turubai
akatoka na gauni la njano.
Njano, ndugu yangu! Ya alizeti asubuhi,
kabla haijachoka shingo.
Na nyundo mkononi,
kwa sababu nilimwomba.

Mteja wangu wa Makulu alitaka picha za ukuta wa ofisi,
picha zenye uzito. Neno lake hilo, uzito.

Usiku umeme ulikatika mara mbili,
nikaendelea kwa betri.
Njano ikashuka, ikapita haradali,
ikapita mchanga wa korongo,
ikatua kwenye rangi ya gunia.
Na sikuona aibu, lazima niseme.
Nilifurahi. Mkono na jiwe vilikuwa kitu kimoja,
hujui kipi kinaponda kipi.
Nikalala nikijisifu.

Ijumaa akaja Majengo na mjukuu
kuchukua nakala niliyomwahidi.
Aliishika kwa ncha za vidole,
akaigeuza, akatazama mgongo wa karatasi
kana kwamba mwenyewe amejificha huko.
"Huyu amekufa lini?"
Nilicheka. Yeye hakucheka.
"Mwanangu, hii ni ya kuweka juu ya jeneza.
Gauni langu liko wapi?"

Nikaanza kumweleza: hisia, uzito, jicho la mtazamaji.
Maneno yakapukutika
kama kokoto zilizopita kwenye chekecheo.
"Gauni lile nililipa mara nne
kwa mtu wa mitumba wa Sabasaba.
Wewe umelifuta kwa kidole."

Nikafungua faili lenyewe, lile mama.
Nikavuta kitelezi. Njano ikaanza kupanda
na mjukuu akataja namba kwa sauti,
arobaini, hamsini, sitini na moja,
kama anayehesabu mbuzi wanaoingia zizini.
Nami kwa kujipendekeza nikamfuta vumbi kwenye kope,
nikanyoosha mikunjo ya shavu,
nikaelekea kumfanya bibi harusi.
Akanigonga bega.
"Vumbi liache.
Hilo nimelifanyia kazi.
Rudisha gauni tu."

Kwa hiyo nina faili mbili.
Moja iko Makulu, imeshalipiwa,
wageni husimama mbele yake na vikombe vya kahawa
na kutikisa vichwa.
Ya pili nilikwenda kuiona mwezi wa pili, baada ya mvua,
njia ya Ntyuka ikiwa tope jekundu mpaka kifundoni.
Imebandikwa kwa gundi ya karatasi juu ya redio,
mkabala na dirisha.
Alasiri yote jua linaipiga,
na wino wangu ni wa bei rahisi:
njano imekwisha anza kushuka yenyewe,
polepole, bila kipanya.

Nikaomba radhi. Nikasema nitachapa nyingine, ya wino mzuri.
Alikuwa anachambua mlenda, hakuinua uso.
"Jua silidai," alisema.
"Jua halikuniomba nishike nyundo."

Kisha akauliza fremu yenye kioo ni shilingi ngapi.